Gari Linazima Njiani, Likifika Gereji Linawaka: Kusaka Hitilafu Kwenye Nyaya za Sensa

Mzee mmoja aliniletea gari dogo la mizigo pamoja na mfuko wenye sensa tatu za krenki (zinazoiambia kompyuta jinsi injini inavyozunguka), zote mpya, zote zimeshafungwa na kufunguliwa. "Fundi," akaniambia, "kila anayelipima anasema ni sensa. Nimebadilisha mara tatu na bado linanizimia kwenye matuta nikiingia mtaani." Nilifungua boneti, nikaliacha lingurume taratibu, nikashika fungu la nyaya linaloshuka karibu na altaneta na kulitikisa kidogo. Injini ikazima hapo hapo. Chini ya tepu nyeusi palikuwa na kiungo cha zamani: nyaya zilizosokotwa kwa vidole siku injini ilipotolewa, bila lehemu, shaba imeshageuka kijani. Sensa zote tatu zilikuwa nzima.

Kodi, yaani namba ya hitilafu ambayo kompyuta ya gari huiandika, ya P0335 haisemi kwamba sensa ya krenki imekufa. Inasema kompyuta ya injini imekosa habari kutoka njia ya sensa hiyo, na katika njia hiyo mna sensa yenyewe, soketi, nyaya mbili au tatu, ethi (njia inayorudisha umeme kwenye hasi ya betri), pengine kiungo cha fundi aliyetangulia, na mwisho kompyuta. Mashine ya kusoma kodi inakufikisha mtaani. Nyumba unaitafuta mwenyewe. Wengi wanaopoteza pesa kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road wanazipoteza hapo, kati ya mtaa na nyumba.

Magari yetu yana sababu zake za kusumbua hivi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lililozidi umri wa miaka 8, na mengi huingia yakiwa yamekaribia mpaka huo. Yakishafika yanafanya kazi miaka mingine kumi au zaidi. Plastiki ya soketi inakauka kwa joto la injini, kile kijino cha kufungia kinavunjika mara ya kwanza mtu akikivuta kwa bisibisi, na tangu siku hiyo soketi inakaa kwa kuegemea tu. Ongeza mashimo, matuta, kuoshwa injini kwa presha, alamu iliyofungwa kwa haraka, na panya wanaolala juu ya injini yenye joto usiku wa baridi wa Julai.

Kabla ya kugusa waya wowote

Muulize mwenye gari, na umuulize vizuri. Linazima likiwa moto au baridi? Likiwa limesimama au linapopita tuta? Ilianza baada ya mvua? Nani aliligusa mara ya mwisho, na aligusa nini? Hili la mwisho watu hulificha kwa aibu, hasa kama waliosha injini au walijaribu fundi wa bei nafuu. Mficha uchi hazai. Mama mmoja alikaa nusu saa akinieleza jinsi gari lake linavyokohoa, na ni alipokuwa anaondoka tu ndipo alipotaja kwamba wiki iliyopita alifungiwa kifaa cha kufuatilia gari. Tulikuta waya wake umeunganishwa kwenye ethi ya sensa.

Kisha soma kodi na uziandike zote kwenye karatasi kabla ya kuzifuta. Nasikitika kila ninapoona fundi akianza kwa kufuta, anachoma ushahidi. Pamoja na kodi, kompyuta nyingi huhifadhi picha ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: mwendo, joto la maji, mizunguko ya injini, mzigo. Kama picha inaonyesha injini ilikuwa na joto la digrii 92 na gari linakwenda kilomita 40 kwa saa, huna haja ya kulijaribu likiwa baridi limeegeshwa.

Halafu betri. Gari likiwa limepumzika, betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6, injini ikinguruma, magari mengi yanasoma kati ya 13.5 na 14.5. Kama vichwa vya betri vinazunguka ukivishika kwa mkono, kaza hivyo kwanza. Nimeona kodi tano zikitoweka kwa spana namba kumi.

Linazima ghafla likiwa moto, likipoa linawaka

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi kwangu. Mtu anatoka mjini saa kumi na moja jioni, foleni ya Thika Road, feni inazunguka, gari linakata kama mtu amezima swichi. Anasubiri dakika ishirini, linawaka, anafika nyumbani.

Unganisha mashine na umwambie mtu apige stata gari likiwa bado limegoma. Tazama mizunguko ya injini. Kama stata inazungusha na mashine inasoma sifuri, kompyuta haioni krenki, na bila krenki magari mengi hayatoi cheche ya plagi wala hayafungui injekta. Kama inasoma mia mbili na kitu na bado haliwaki, achana na krenki, tafuta mafuta au kwingine. Dereva makini anaweza kukusaidia pia: je, mshale wa mizunguko ulianguka sifuri mara moja wakati gari bado linabiringika na gia imeingia, au ulishuka polepole? Ukianguka mara moja, habari ndiyo iliyokatika.

Sasa tenganisha sensa na waya. Joto linaharibu vyote viwili: koili ndani ya sensa inaachana ikipanuka, au waya uliokakamaa unafungua ufa. Mimi hutumia mashine ya kukausha nywele ya saluni. Pasha sensa peke yake huku mita ya umeme ikiwa kwenye nyaya zake mbili, kama ni sensa ya koili. Omu (kipimo cha ukinzani wa waya) zikiruka ghafla hadi kutokuwa na mwisho, sensa ndiyo. Zikipanda taratibu kidogo, hiyo ni kawaida ya shaba ikipata moto. Kisha pasha soketi, kisha fungu la nyaya hatua kwa hatua. Sensa yenye nyaya tatu ya aina ya Hall (ya kielektroniki) usiipime kwa omu, haitakuambia kitu cha maana. Hiyo inahitaji umeme wake na osiloskopu (kifaa kinachochora umeme unavyobadilika), au angalau mita ukizungusha injini taratibu kwa spana.

Linakatika kwenye matuta na mashimo

Hapa kinachoamua ni mtikisiko, na dawa yake ni kutikisa kwa utaratibu. Injini ingurume, mashine ionyeshe mchoro wa sensa unayoishuku, kisha anza upande wa sensa. Sukuma soketi, ivute, ipinde upande huu na huu. Songa sentimita kumi kumi kufuata fungu hadi kwenye kompyuta. Usitikise fungu zima kwa mara moja kama unayetikisa mwembe. Utazima gari na hutajua ni tunda lipi lilianguka.

Mita za bei rahisi zinakudanganya hapa. Zinasoma mara mbili tatu kwa sekunde, na mkatiko wa sehemu ndogo ya sekunde unapita bila kuonekana ilhali kompyuta imeuona. Kama mita yako ina kitufe cha kukumbuka kiwango cha chini na cha juu, kitumie, ingawa nacho kina mipaka yake ya kasi. Mchoro kwenye mashine ni bora kuliko namba, na osiloskopu ni bora kuliko vyote.

Mahali pa kuangalia kwanza ni pale fungu linapovuka kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, kwa sababu injini inacheza na bodi haichezi. Kisha pale linapogusa chuma: mabano ya altaneta, ukingo wa betri, boliti ya manifoldi. Fundi akishafungua fungu hilo mara moja na kusahau kurudisha klipu yake, kazi ya msuguano imeanza. Tazama pia mounti za injini, zile raba zinazoishikilia. Mounti ikikatika, injini inaruka kupita kiasi na nyaya zinavutwa kila ukibadilisha gia. Unaweza kurekebisha waya leo, mwezi ujao ukakatika pale pale.

Kuna hitilafu moja ambayo macho hayaioni. Waya umezungushiwa plastiki nzima, nje hauna hata mkwaruzo, lakini ndani nyuzi zimekatika umebaki mmoja au miwili. Mita itakusomea omu sifuri na kitu, nawe utasema waya ni mzima. Toa soketi pande zote mbili, kwenye sensa na kwenye kompyuta, kisha pitisha umeme wa betri katika waya huo kupitia balbu ndogo ya wati 5. Balbu ikififia au ikipepesa ukiupinda waya, umeupata. Usifanye hivi kamwe soketi ya kompyuta ikiwa imefungwa: njia za sensa nyingi ni za volti 5, ukizipa 12 utanunua kompyuta.

Na soketi nayo. Kila tundu la pini ndani lina ulimi mdogo unaoibana pini dume. Mtu akichokoza tundu hilo kwa ncha nene ya mita, ulimi unapanuka na haurudi. Chukua pini ya ukubwa ule ule kutoka soketi mbovu, iingize katika kila tundu na uivute. Inapaswa kukataa kidogo. Ile inayoteleza kama iko kwenye siagi ndiyo inayozima gari kwenye tuta.

Linasumbua baada ya mvua au baada ya kuoshwa

Msimu wa mvua za Machi hadi Mei ninapokea magari haya kila siku, na mengine huja mwaka mzima kutoka kwa waosha magari. Presha ya maji ikielekezwa kwenye soketi inapita raba ambayo imekauka. Gari linaondoka zuri, na baada ya kilomita chache, maji yanapochemka, linaanza kumisi, yaani kuruka mwako.

Fungua soketi na utazame rangi. Unyevu mtupu unakauka kwa hewa ya kompresa. Unga wa kijani au mweupe ni kutu, na huo hautoki kwa kupuliza. Ukikuta kijani ndani ya soketi, kata plastiki ya waya sentimita mbili kutoka hapo uangalie. Kutu hii hupanda ndani ya waya kama maji kwenye utambi, na kuna siku nimeifuata karibu nusu mita.

Hitilafu isipojitokeza, iite. Chupa ya kupulizia maji, maji yenye chumvi kidogo, nyunyiza eneo moja kwa wakati mmoja injini ikinguruma. Epuka koili za plagi, zitakupa kumisi ambako si kwa sensa na zinaweza kukupiga. Ukimaliza, suuza kwa maji safi na ukaushe.

Kodi nyingi kwa wakati mmoja

Sensa nne hazifi pamoja asubuhi moja. Tafuta wanachoshiriki. Kompyuta hutoa volti 5 na kuzigawa kwa sensa kadhaa: ya presha ya manifoldi (bomba la hewa inayoingia kwenye injini), ya throto (mlango wa hewa hiyo), na katika magari mengi hata ile ya presha ya gesi ya AC. Waya mmoja ukigusa bodi, zote zinaanguka. Pima volti 5 kwenye soketi ya sensa mojawapo, swichi ikiwa imewashwa. Ukikuta sifuri au volti moja, acha mita hapo na uanze kuchomoa sensa moja moja. Ukichomoa ile mbovu, volti 5 zitarudi. Umechomoa zote na hazijarudi? Basi ni waya wenyewe, au kompyuta, na kompyuta iwe ya mwisho kabisa kushukiwa.

Kama volti 5 zipo imara, nenda kwenye ethi. Washa injini, taa kubwa na feni ya AC. Mita iwe kwenye volti, ncha nyeusi kwenye kichwa hasi cha betri chenyewe, ncha nyekundu kwenye chuma cha injini. Ikizidi volti 0.1, ethi ya injini haitoshi. Rudia kwenye waya wa ethi wa sensa. Omu hazitoshi kwa kazi hii, maana ethi mbovu hujificha hadi ipewe mzigo. Magari yaliyobadilishwa injini yanaongoza hapa. Ule mkanda wa shaba kati ya injini na bodi unasahaulika chini, au unafungwa juu ya rangi, na umeme wa altaneta na stata unatafuta njia nyingine kupitia nyaya nyembamba za sensa.

Feni haizimi, mafuta yanakwisha, asubuhi ni taabu kuwaka

Angalia sensa ya joto la maji. Waya wake ukikatika, kompyuta huona baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, na magari mengi hapo huwasha feni muda wote ili kulinda injini. Kodi huwa P0118. Waya ukigusana na ethi, kodi ni P0117, na joto linasomeka juu kuliko kitu chochote cha kweli.

Kipimo chake ni kirahisi na ninakipenda. Gari likiwa limelala usiku kucha, joto la maji na joto la hewa kwenye mashine yanapaswa kukaribiana, tofauti ya digrii chache tu. Kisha chomoa sensa: mashine isome takriban hasi 40. Unganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya: isome juu kabisa. Ikifanya yote mawili, waya na kompyuta ni vizuri, nunua sensa kwa amani. Isipobadilika, sensa haina kosa. Kipimo hiki ni cha sensa ya nyaya mbili ya joto peke yake. Ukiunganisha hivyo soketi ya nyaya tatu unaweza kuchoma kitu.

Nikiwa bado kwenye namba, neno kuhusu sensa ya presha ya manifoldi. Vitabu vingi vitakuambia swichi ikiwashwa na injini haijawaka isome karibu kilopaskali 101. Hiyo ni Mombasa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na sensa nzima hapa inasoma 82 au 83. Usimtupie mteja sensa nzima kwa sababu ya mlima tunaoishi juu yake.

Ukikanyaga mafuta gari haliitiki

Throto za umeme zina sensa mbili ndani, na pedali nayo ina mbili. Kompyuta inazilinganisha kila wakati. Zikipingana kupita kiasi kinachoruhusiwa, inafunga nguvu na gari linatambaa. P2135 ni kodi ya kupingana huko. Hapa mimi huanza na soketi ya throto na ethi yake kabla ya kuwaza throto mpya, ambayo ni ghali. Tazama michoro ya sensa zote mbili ukikanyaga polepole: zote zipande laini, bila kushuka ghafla.

Kurekebisha

Usitoboe plastiki ya waya kwa sindano ili upime. Tundu hilo dogo litaingiza maji, na baada ya miezi sita utakuwa umetengeneza hitilafu yako mwenyewe. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, kando ya waya.

Toa kichwa hasi cha betri. Kata hadi ufikie shaba inayong'aa. Tumia waya wa unene ule ule, unganisha kwa kubana vizuri au kwa lehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Ukiwa na nyaya tatu zilizokatika pamoja, usiweke viungo vyote mahali pamoja. Vipishanishe, fungu lisinenepe na viungo visigusane. Waya wa krenki katika magari mengi umevikwa wavu wa kuzuia mawimbi, au umesokotwa na mwenzake. Urudishe ulivyokuwa. Ukiunyoosha, kelele ya koili za plagi itaingia na utapata kumisi ambako hakukuwepo. Fungu lifungwe kwa klipu mbali na eksozi na mbali na kitu kinachozunguka, na ubakize ulegevu kidogo pale injini inapocheza.

Kisha lithibitishe. Futa kodi, sasa ndiyo wakati wake, na uliendeshe katika hali ile ile iliyolizima. Lililozima moto, lipeleke Limuru kwa mlima na urudi foleni ya jioni. Lililozima kwenye matuta, litafutie matuta. Ukirudi, soma kodi zinazosubiri, si zilizowasha taa tu, maana hitilafu nyingi hazitawasha taa hadi zionekane safari mbili. Andika kwenye daftari rangi ya waya na mahali ulipokata, fundi atakayefuata asianze upya.

Yule mzee alirudi baada ya wiki tatu, gari halijazima hata mara moja. Duka halikumrudishia pesa za sensa, kwa kuwa vitu vya umeme vikishafungwa havirudishwi. Moja aliiweka garini kama akiba. Mbili aliniachia, na ndizo ninazotumia kupimia magari mengine ya aina hiyo yanapoingia na kodi ya P0335.